Sura ya Tano: Kuchagua Kalibu ya Kusokotea Biri

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na kwa kazi nyingi za mikono neno hilo latosha. Kwa biri halitoshi. Jembe baya humchosha mkulima, lakini shamba hulimika. Kalibu isiyolingana na tumbaku yako hutoa biri isiyovutika kabisa, au inayowaka upande mmoja na kuzimika upande wa pili, hata kama majani ni ya thamani na vidole ni vyepesi. Kwa hiyo sura hii inakuomba uchague kwa makini, uchague mara moja, kisha uache kuchagua na ushike kazi.

Kazi ya kalibu

Biri ni sigara nene ya jani tupu. Haina karatasi wala kichungi. Katikati yake kuna kiini, yaani majani kadhaa marefu yaliyokusanywa mkononi. Kiini hufungwa kwa jani moja imara, jani la kufungia, na hapo tunapata kile ambacho katika kitabu hiki tunakiita msokoto. Mwishoni msokoto huvishwa jani laini na zuri kuliko yote, jani la kuvisha. Wakuba huziita tabaka hizo tatu tripa, capote na capa.

Kalibu huingia kazini kati ya kufunga na kuvisha. Msokoto ukitoka mkononi huwa na unyevu bado, na jani lenye unyevu hutaka kujikunjua. Ukiuacha mezani hivyo hivyo utavimba hapa, utanywea pale, na jani la kuvisha halitapata uso sawa wa kuzungukia. Kalibu ni vipande viwili vya mbao au plastiki vyenye mifuo inayotazamana. Nusu ya chini hupokea msokoto, nusu ya juu huufunika, na vigingi vidogo huzishika nusu hizo zisiteleze. Zikibanwa pamoja kwa nusu saa hadi saa moja, majani hupoteza unyevu kidogo, hulaliana, na hushika umbo la duara.

Hapo ndipo uwezo wa kalibu unapoishia. Haipangi majani. Haijui lipi lilichumwa juu ya mche, likawa nene na kali, na lipi lilichumwa chini, likawa jepesi la kuwaka upesi. Njia ya hewa iliyozibwa na mkono haiwezi kuifungua. Itaikandamiza tu izidi kuziba. Mtu anayetazamia kalibu imfanyie kazi ya mkono atanunua ya tatu na ya nne bila kuona mabadiliko. Anayejua mpaka wake atanunua moja.

Kifaa kilichoigawa kazi

Kabla ya kalibu, umbo lote la biri lilitoka mkononi. Mwanagenzi alikaa miaka kwa fundi akijifunza kuusawazisha msokoto kwa viganja, mpaka biri mia moja zilingane kama zimezaliwa pamoja. Katikati ya karne ya 19 kalibu za mbao zilianza kutumika Ujerumani, na kufikia mwisho wa miaka ya 1860 zilikuwa zimeingia Marekani. Mjini Cincinnati, Ohio, kampuni ya Miller, DuBrul & Peters ikawa mtengenezaji mashuhuri wa kalibu hizo, na mbao zake zenye muhuri na namba ya umbo bado zinauzwa kwenye maduka ya vitu vya kale.

Athari yake ilionekana waziwazi New York. Kwa kutumia kalibu, mtu aliyefundishwa muda mfupi aliweza kutengeneza misokoto ya unene mmoja kutwa nzima, na mwenzake akaivisha. Kazi ya fundi mmoja ikagawanywa kwa watu wawili wenye ujira mdogo. Waajiri wakapeleka tumbaku mpaka kwenye nyumba za kupanga, ambako familia za wahamiaji, nyingi zikitoka Bohemia, zilisokota, zilipika na kulala katika vyumba vilevile. Mafundi wa zamani waliona riziki na heshima yao vinaondoka pamoja. Vyama vyao vikajaribu kufunga mlango kwa kuwakataza wanachama kufanya kazi pamoja na watu wa kalibu.

Miongoni mwa mafundi wa wakati huo alikuwa Samuel Gompers, aliyezaliwa London mwaka 1850 na kuhamia New York mwaka 1863. Yeye na mwenzake Adolph Strasser walishika njia nyingine. Kalibu ilikuwa imekwisha kufika. Kumfukuza anayeitumia kulimwacha mikononi mwa mwajiri tu. Tawi lao la chama cha wasokotaji, Local 144, lililoundwa mwaka 1875, liliwapokea wasokotaji bila kujali kama walitumia kalibu au mkono mtupu. Mgomo mkubwa wa mwaka 1877 dhidi ya kazi za nyumba za kupanga uliwatoa maelfu ya wasokotaji kazini, na mapema mwaka uliofuata ukashindwa. Lakini fundisho la umoja lilibaki, na Gompers ndiye aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa AFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Marekani lililoanzishwa mwaka 1886.

Mgawanyo ule ungali hai. Estelí, nchini Nicaragua, wafanyakazi wengi hukaa wawili wawili: bonchero hutengeneza misokoto na kuilaza kwenye kalibu, na rolera, ambaye mara nyingi ni mwanamke, huivisha. Katika viwanda vya Havana, torcedor mmoja huifanya biri tangu kiini hadi kichwa, na kalibu ipo mezani kwake pia. Kwa hiyo usimsikilize anayekuambia kwamba kalibu ni ya wasiojua kazi. Waijuao kazi kuliko sote wanaitumia.

Lakini kuna tofauti moja inayokuhusu wewe wa nyumbani. Kiwanda huchagua kalibu kwa ajili ya kasi na ulinganifu wa maelfu ya biri. Wewe ni bonchero na rolera kwa wakati mmoja, na biri zako za wiki nzima zinaenea kwenye sahani. Kasi haikufai kitu. Unachohitaji ni kalibu itakayokuonyesha kosa la mkono wako upesi na waziwazi, ili mkono ujirekebishe. Ushauri wote unaofuata katika sura hii umesimama juu ya msingi huo: chagua kalibu inayofundisha.

Unene kwanza

Wauzaji hutaja biri kwa majina, lakini kalibu hununuliwa kwa vipimo. Kipimo kikuu ni unene, na dunia ya biri huupima kwa pete. Inchi moja hugawanywa sehemu 64, na idadi ya sehemu hizo ndiyo pete. Biri ya pete 64 ina kipenyo cha inchi moja kamili. Ya pete 50 inakaribia milimita 20, ya pete 42 ni milimita 16.7, na ya pete 38 ni milimita 15.

Maumbo ya Kuba yanayojulikana zaidi yatakupa picha. Robusto ni fupi na nene, pete 50 kwa milimita 124. Corona ni pete 42 kwa milimita 142. Julieta No. 2, ambayo wavutaji wengi wanaijua kwa jina la Churchill, ni pete 47 kwa milimita 178. Laguito No. 1 ni ndefu na nyembamba, pete 38 kwa milimita 192.

Kwa macho, kati ya pete 42 na pete 50 kuna tofauti ya milimita tatu tu. Kwa tumbaku tofauti ni kubwa, kwa sababu ujazo hufuata mraba wa kipenyo. Ukipanda kutoka 42 hadi 50 bila kubadili urefu, unahitaji tumbaku zaidi kwa karibu asilimia 42. Ukipanda hadi 60, unahitaji mara mbili. Robusto moja hula gramu 11 hadi 12 hivi. Anayenunua majani kwa kilo na kuyalipia usafirishaji kutoka ng'ambo ataiona hesabu hii kwenye mfuko wake kabla hajaiona kwenye biri.

Mbona basi tusiende kwenye nyembamba? Kwa sababu wembamba hausamehe. Ndani ya pete 38 kuna majani machache, na njia za hewa kati yake ni finyu. Jani moja likikunjika vibaya, au ubavu mnene wa jani ukisahauliwa ndani, biri haivutiki. Tena majani mazito ya juu ya mche, yale Wakuba wanayoyaita ligero, huwaka polepole na hutakiwa kukaa katikati kabisa. Katika biri nyembamba katikati hiyo ni ndogo mno, na kipande kikisogea kidogo pembeni, moto huenda mshazari. Kuna faida yake, nayo ni kwamba sehemu ya jani la kuvisha huwa kubwa ukilinganisha na kiini, na ladha ya jani hilo husikika wazi. Lakini hiyo ni faida ya aliyekwisha kujifunza.

Upande wa pili, pete 54, 56 na 60 husamehe kupita kiasi. Zinavutika hata zikipangwa ovyo, na kwa hiyo hazikuambii lolote kuhusu mkono wako. Zaidi ya hapo zinadai jani la kuvisha lililo pana, na jani la kuvisha ndilo ghali kuliko yote.

Kwa anayeanza nyumbani, ninasimama kwenye pete 46, na 44 au 48 zikipatikana kwa urahisi zaidi, zichukuliwe bila wasiwasi. Pete 46 ni milimita 18.3 hivi. Ikikatwa kwa urefu wa inchi tano, huhitaji takriban gramu 10 za tumbaku, kiasi ambacho mizani ndogo ya sonara hukipima bila shida. Ni nene kiasi cha kukuwezesha kufanikiwa, na nyembamba kiasi cha kukuonyesha ulipokosea.

Kuna jambo la kuangalia kabla ya kulipa. Baadhi ya wauzaji huandika kipimo cha mfuo wenyewe, na wengine huandika kipimo cha biri ikishavishwa. Jani la kuvisha hulaliana linapozungushwa, na huongeza karibu pete moja. Funga nusu mbili za kalibu, pima kipenyo cha tundu kwa vernia, gawanya milimita ulizopata kwa 25.4, kisha zidisha kwa 64. Hapo utajua unachonunua.

Urefu na kichwa

Urefu hauna uzito kama unene. Kalibu nyingi zimefungwa upande wa kichwa, yaani upande wa kuweka mdomoni, na ziko wazi upande wa mguu, yaani upande wa kuwasha. Kwa hiyo kalibu ya inchi sita au saba hutoa pia biri ya inchi tano. Sehemu ya ziada hukatwa kwa wembe. Kinyume chake hakiwezekani, kwa kuwa sehemu itakayochomoza nje ya mfuo itabaki bila kubanwa na italegea. Ukiwa na shaka, chukua ndefu.

Tazama umbo la kichwa ndani ya mfuo. Kichwa cha mviringo mpole ndicho rahisi kufunika kwa kipande kidogo cha jani na gundi ya mimea. Kuna kalibu za biri zilizochongoka, kama Pirámide ya Kuba, pete 52 kwa milimita 156, na nyingine zilizochongoka ncha zote mbili. Zinapendeza, lakini hudai kiini kinachopungua kwa kipimo kuelekea kichwani. Asipopunguza, msokotaji hujikuta tumbaku yote imesongamana mahali ambapo moshi unatakiwa kupita. Maumbo yaliyonyooka, ambayo Wakuba huyaita parejo, ndiyo shule ya kwanza.

Mbao au plastiki

Mbao ilitawala kwa zaidi ya miaka mia moja, na ilistahili. Mbao kavu hufyonza unyevu wa msokoto taratibu, kwa hiyo umbo hushika mapema na majani hutoka tayari kuvishwa. Lakini kinachofyonza unyevu hufyonza pia harufu, na huweza kuota kuvu. Mbao huvimba msimu wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na nusu mbili zilizokutana vizuri mwezi Januari huenda zikaacha mwanya mwezi Aprili. Msomaji wa Tanga, Mombasa au Unguja, anayeishi na hewa ya bahari, anajua mlango wa mbao hufanya nini wakati wa masika. Asitazamie kalibu itakuwa tofauti. Akinunua ya mbao, aiweke mahali pakavu, nusu mbili zikiwa zimefungwa pamoja, na asiioshe kwa maji. Brashi kavu na dakika chache za jua hutosha.

Plastiki haifyonzi kitu. Huoshwa, hukauka, hurudi kazini, na mfuo wa kwanza hulingana na wa kumi. Kasoro yake inatokana na sifa hiyohiyo, kwani unyevu wa msokoto hauna pa kwenda. Dawa ni kuanza na kiini kikavu kidogo zaidi na kuongeza muda wa kubana. Wengine huzitengeneza kwa printa ya 3D, jambo zuri kwa aliye na mashine hiyo. Hakikisha tu ndani ya mifuo pamesuguliwa kwa msasa, la sivyo mistari ya plastiki itashika jani la kufungia na kulichana.

Kuna njia ya tatu, na kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki huenda ndiyo ya karibu zaidi: fundi seremala. Mpe vipande viwili vya mbao ngumu, iliyokauka vizuri na isiyo na utomvu. Aviweke kifua kwa kifua, katikati akitia kadibodi nyembamba, avifunge kwa nguvu, kisha atoboe kwenye mstari wa kiungo kwa keekee ndefu ya milimita 18, akitumia drili ya kusimama ili tundu lisiende mshazari. Akivitenganisha na kuitoa kadibodi, kila kipande kinabaki na nusu ya mfuo, na ule unene wa kadibodi uliotoka ndio nafasi ya kubania. Milimita 18 ni pete 45, na jani la kuvisha litaifikisha 46. Mwambie asitumie mbao zilizotiwa dawa, asitumie mbao yenye harufu kali kama mkafuri, na asipake vanishi wala rangi ndani ya mifuo. Chochote kilichopakwa humo kitaishia kwenye moshi.

Kalibu kuukuu

Kalibu za kale zina mvuto wa kweli. Kuishika mbao iliyosuguliwa na mikono ya watu wa miaka ya 1880 ni kushika kipande cha historia niliyoieleza hapo juu. Lakini nyingi zinauzwa kama mapambo ya ukutani, na si kila pambo linaweza kurudi kazini.

Anza na jozi. Nusu ya juu ilichongwa kwa ajili ya nusu yake ya chini, na kwa kawaida zote mbili zina namba moja. Nusu mbili zilizookotwa mahali tofauti hazitakutana. Zifunge, uziinue kwenye mwanga, utazame kama kuna mwanya. Mwanya mwembamba upande mmoja maana yake mbao imepinda, na mbao iliyopinda hainyooki kwa kubanwa. Pitisha kidole kwenye midomo ya mifuo. Ikiwa imelika au ina makovu, itakata jani la kufungia. Nusa. Harufu ya tumbaku ya zamani si tatizo, lakini harufu ya kuvu, mafuta ya taa au dawa ya wadudu ni sababu ya kurudisha mali dukani. Mwisho tafuta vitundu vidogo vya duara. Huenda ni vya wadudu wa mbao waliokwisha kufa zamani, lakini unga mpya ukidondoka, usiipeleke kalibu hiyo nyumbani kwenye majani yako.

Mifuo mingapi, na kubana kwa nini

Kalibu ya kawaida ina mifuo 10. Kuna za mifuo 20, na hizo ziache kwa viwanda. Misokoto 10 ya pete 46 ni gramu 100 hivi za tumbaku na kazi ya alasiri nzima kwa mkono mgeni. Huna lazima ya kuijaza yote. Ukiwa na misokoto minne tu, iweke kwa uwiano, miwili kila upande wa kalibu, ili nusu ya juu ishuke sawasawa isiegemee upande mmoja.

Kiwandani kalibu hupangwa moja juu ya nyingine ndani ya kishinikizo cha skrubu. Nyumbani majiliwa mawili, au klampu kama mafundi wengi wanavyoyaita, yanatosha. Weka ubao bapa juu na mwingine chini ili nguvu ienee, kisha kaza pande zote mbili kwa zamu. Simama pale nusu mbili zinapokutana. Zikikutana bila upinzani wowote, msokoto ni mwembamba mno. Zikigoma kukutana, umejaza kupita kiasi, na kuzilazimisha kutauziba msokoto na kuikata tumbaku kwenye midomo ya mifuo. Upinzani mdogo kabla ya kufunga ndio unaoutafuta.

Anayesubiri kalibu ifike asikae bure. Msokoto unaweza kuviringishiwa karatasi nyeupe isiyo na wino, ukakazwa, ncha zikasokotwa, ukaachwa utulie. Umbo halitakuwa kamili, lakini vidole vitakuwa vimeanza kujifunza.

Somo la kila mfuo

Sasa nieleze kwa nini nimesisitiza kalibu moja ya unene mmoja. Kipimo kisipobadilika, chochote kinachobadilika ni chako. Pima gramu za kiini na jani la kufungia kila mara. Panga majani kwa urefu, mepesi nje, mazito katikati, ukiacha mikunjo midogo ambayo hewa itapita. Mafundi wa Kuba wenye subira hukunja kila jani liwe mrija mwembamba kabla ya kuyakusanya, mtindo unaoitwa entubado; ni wa polepole, na njia zake za hewa ni safi. Funga, laza kwenye mfuo, bana.

Baada ya nusu saa fungua, ugeuze kila msokoto robo ya mzunguko, ubane tena. Usiipuuze hatua hii. Pale nusu mbili zinapokutana, tumbaku hufinywa na kuacha mshono ubavuni. Ukiugeuza, mshono huingia ndani ya mfuo na kulainishwa. Mshono ulioachwa utaonekana chini ya jani la kuvisha.

Kisha usome. Kalibu imekwisha kuuandika udhaifu wa mkono wako mahali unapoonekana. Mshono mnene urefu wote unasema gramu zimezidi. Mshono mnene katikati na ulegevu mwishoni unasema majani mafupi yamekusanyika tumboni. Bonyeza kwa vidole viwili kutoka kichwani hadi mguuni. Palipo laini pana pengo, palipo pagumu pana fundo. Kabla ya kuvisha, kata mguu na uvute hewa bila kuwasha. Ikikataa, ufungue msokoto, upange upya. Kiini hakijapotea, wala jani la kuvisha halijaguswa.

Mwenye kalibu tatu za unene tofauti hulikosa somo hili. Leo gramu 10 ni nyingi, kesho ni chache, na hajui kama tatizo ni mkono, jani au mfuo.

Yasiyo ya kalibu

Kalibu haitageuza tumbaku yoyote iwe tumbaku ya biri. Tumbaku ya Tabora na Urambo ni ya mvuke, hukaushwa kwa joto la bani kwa ajili ya sigara za kawaida, na ile ya Ruvuma ni ya moshi. Jani la biri hukaushwa kwa hewa, kisha hurundikwa na kuchachushwa kwa wiki au miezi mpaka ukali wake utulie. Afrika inalo jani lake mashuhuri katika fani hii, nalo ni jani la kuvisha la Kameruni, linalothaminiwa na watengenezaji wa biri duniani. Tumbaku ya mvuke ikisokotwa kama biri itapendeza machoni na itachoma ulimi.

Na lipo neno la afya ambalo mwandishi wa kitabu kama hiki hana haki ya kulificha. Biri husababisha saratani ya mdomo, ya koo na ya mapafu. Kutovuta moshi wake hadi kifuani hakumwokoi mtu, kwa sababu nikotini ya biri hupita hata kwenye utando wa mdomo. Biri moja kubwa huweza kuwa na tumbaku kama ya pakiti nzima ya sigara. Nikotini hupita pia kwenye ngozi unaposhika majani yenye unyevu, kwa hiyo nawa mikono, ingiza hewa chumbani, na usifanye kazi hii palipo na watoto au mama mjamzito. Usokotaji ni ufundi, na ufundi huweza kupendwa kwa kutengeneza biri chache na kuvuta chache zaidi. Wapo wanaosokota, wanaozitunza, na wasiowasha kabisa.

Uamuzi

Ukiwa dukani au mbele ya seremala, na umeyasahau mengine yote, kumbuka haya. Unene wa pete 46, au jirani yake. Mfuo ulionyooka, kichwa cha mviringo, urefu wa inchi sita au zaidi. Mifuo 10. Plastiki ukiishi penye unyevu mwingi, mbao ukiishi penye ukavu, na ya seremala ikiwa nyingine ziko mbali au ni ghali. Ikiwa kuukuu, jozi kamili isiyo na mwanya. Majiliwa mawili na mizani ndogo.

Kisha usinunue nyingine mpaka biri 10 za kalibu moja zilingane uzito, zivutike zote, na ziwake sawa mpaka mwisho. Siku hiyo utaweza kuchukua kalibu ya pete 38 au ya biri iliyochongoka na kuimudu, kwa kuwa utakuwa umejifunza kile kile ambacho mafundi wa New York waliogopa kukipoteza: kuupanga msokoto kwa vidole vinavyojua vinachofanya. Kalibu ilipofika ililichukua umbo, na kazi ya kupanga ikaiacha mikononi. Nyumbani kwako hakuna mwajiri wa kuigawa kazi hiyo. Unaweza kuijua yote.